Kiuno cha Bibi Mhenga

Mjomba wangu ametengeneza watu zaidi ya elfu mbili, na hakuna hata mmoja mwenye kichwa. Ni fundi wa sanamu za madukani, zile zinazovalishwa magauni na suti nyuma ya vioo. Wenye maduka walishaamua zamani kwamba kichwa ni usumbufu mtupu: hakivai shati, kinakula nafasi, na pua ikikwaruzika mteja anapata ndoto mbaya. Kwa hiyo karakana yake imejaa mabega, vifua na viuno vyembamba, vyote vinaishia shingoni kama chupa. Ukiingia pale mara ya kwanza unaweza kugeuka ukaenda kutoa taarifa polisi.

Siku makumbusho walipomwita wakamtaka atengeneze sanamu ya mhenga wa binadamu, yule wa zamani za kale kabla watu hawajaanza kuitwa watu, tena kwa kimo chake halisi, Mjomba aliuliza swali moja tu. Hakuuliza malipo. Hakuuliza muda. Aliuliza kama huyo mhenga atakuwa na kichwa.

Wakamjibu kwamba inategemea.

Hapo naomba nijieleze kidogo, maana jibu hilo lilitoka kwa bosi wangu na mimi nilikuwepo. Mimi ni karani wa vipimo pale makumbusho. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimefaulu hesabu na kufeli kunyamaza, na kazi hii inataka vyote viwili, kwa hiyo tunavumiliana. Bosi wangu ni mtaalamu wa mifupa ya kale. Sisi wafanyakazi tunamwita Daktari wa Marehemu, kwa sababu wagonjwa wake wote walifariki kabla ya yeye kuzaliwa na hakuna aliyewahi kulalamikia matibabu. Ni mtu mwembamba, mpole, anayekula mkate mkavu akiwa amesimama kando ya meza ya mifupa, huku akiipangusa mifupa makombo kwa brashi ya rangi.

Mifupa yenyewe ilikuwa michache. Kipande cha mfupa wa paja pamoja na goti, nusu ya mfupa wa nyonga, mbavu saba zilizovunjika, mfupa wa mkono, na kipande cha taya ya chini chenye meno mawili. Nyonga ilikuwa ya mwanamke, ndiyo maana tukamwita Bibi Mhenga. Fuvu halikuwepo. Daktari akamweleza Mjomba kwa upole kwamba kuna Profesa atakuja kukagua kabla ukumbi haujafunguliwa. Akiridhika kwamba mwili unalingana na mifupa, ataruhusu kichwa kiwekwe, na chini yake iandikwe kwamba ni cha kukisia. Asiporidhika na mwili, sanamu itaishia mabegani, kwa sababu huwezi kubebesha kisio juu ya kisio.

Mjomba aliondoka pale kama mtu aliyepewa kifungo cha nje. Nikamsindikiza hadi getini. Akaniambia, "Mjomba, miaka ishirini nimetengeneza watu wasioweza kuniangalia. Huyu mmoja ataniangalia."

Basi ikabaki kuujua mwili. Na mwili wa mtu aliyebaki goti na nyonga unapatikanaje? Daktari hunieleza hivi: goti ndilo lililobeba mzigo wote. Mtu mzito ana goti pana, mtu mwepesi ana goti jembamba, kama miguu ya meza. Ukilijua goti unaweza kukisia kilo. Shida ni kwamba kila mtaalamu ana kanuni yake. Ya kwanza tuliyoitumia ilitupa kilo ishirini na nane. Ya pili ikatupa arobaini. Ya tatu, iliyotengenezwa kwa magoti ya wanariadha wa huko mbali, ikatupa hamsini na tano. Mjomba akauliza ajenge yupi, mtoto wa darasa la tatu, dada yake, au mama yao.

Daktari akaamua tutengeneze kanuni yetu wenyewe. Tutapima magoti ya watu walio hai, wafupi na wembamba tukiwapata, tuwapime na uzito, kimo, kifua, kiuno, nyonga, paja na mkono. Halafu tutachora mstari mmoja: goti la upana huu, kiuno cha ukubwa huu. Mstari ukishakaa, tunaliweka goti la Bibi Mhenga juu yake na kuteremka nalo hadi kwenye kiuno chake. Mbavu na nyonga zingetuambia umbo, yaani juu amebana na chini amepanuka kama funeli. Mstari ungetuambia nyama.

Watu walio hai walikuwa sisi, wafanyakazi wa makumbusho, pamoja na ndugu waliokubali kuletwa. Tatizo likawa kupimwa. Daktari ana koleo refu la chuma lenye namba, la kubana mifupa ili ijulikane upana wake. Kwenye goti watu walivumilia. Alipolisogeza kuelekea kiunoni kwa mama wa masjala, mama yule alisema kwamba hajafikia hatua ya kushikwa kiuno na mtu anayeongea na mifupa. Siku iliyofuata wanaume watano waliomba ruhusa ya ugonjwa.

Ndipo mimi, kwa kiherehere changu, nikamtaja Mama.

Mama yangu ni dada mkubwa wa Mjomba, na anashona sare za shule. Miaka thelathini hiyo, hajui kazi nyingine na hataki kuijua. Mkono wake una kasi ya ajabu: tepu inakuzunguka, inabana, inaachia, penseli inachomoka kwenye nywele, namba imeshaandikwa, na wewe bado umejaza pumzi ukiwa unarudisha tumbo ndani. Hamuulizi mtu uzito wala umri. Watu wanampenda kwa hilo. Hata Mkuu wa makumbusho, mama ambaye tarehe yake ya kuzaliwa ni siri ya ofisi, aliinua mikono juu mbele ya Mama kama mtoto anayepimwa sketi.

Siku mbili tukapima watu hamsini na wanne. Daktari alibana magoti, mimi nilishika mizani na kupima kimo ukutani, Mama alizungusha tepu na kunisomea namba, nami nikaandika. Daktari alimsifu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Alisema hajawahi kuona mpimaji asiyerudia kipimo. Mama akamjibu kwamba anayerudia kipimo ni mtu asiyejua alichokwenda kukitafuta.

Nikaingiza namba kwenye kompyuta, nikachora mstari, nikaweka goti la Bibi. Kimo chake kikatoka mita moja na sentimita nane. Uzito, kilo thelathini na mbili. Vyote vizuri, vya mtu mdogo. Nilipofika kwenye nyonga nikapangusa kioo cha kompyuta nikidhani ni uchafu. Kiuno nacho kilikuwa vivyo hivyo, cha mtu mwingine kabisa. Bibi yetu alikuwa na kimo cha mtoto wa chekechea na makalio ya mwenyekiti wa kikundi cha akina mama.

Nikamwonyesha Daktari. Akatazama kwa muda mrefu, halafu akafanya kile ambacho wasomi hufanya wakipewa namba ya ajabu: akaipenda. Akasema inaeleweka. Bibi alikula majani na mizizi, chakula kigumu kinachokaa tumboni siku nzima, kwa hiyo lazima awe na matumbo marefu, na matumbo marefu yanataka nyumba kubwa. Aliniambia tena na tena hadi na mimi nikaanza kumwona Bibi akitafuna.

Mjomba ndiye aliyefurahi kupita wote. Kumbuka, maisha yake yote alikuwa akichonga viuno ambavyo havijawahi kula. Alijenga mifupa ya waya, akaijaza plasta na nyuzi za faiba, na kila alipobandika kibonge kingine nyongani aliimba. Akatengeneza miguu mifupi, mikono mirefu inayokaribia magoti, kifua kilichobana juu kikafunguka chini. Baada ya wiki tatu akaanza kichwa, akakichonga kikubwa kiendane na mwili, na hicho alikichonga mlango ukiwa umefungwa. Siku alipotufungulia, Mama alikizunguka mara moja tu.

"Ana masikio yako," akamwambia.

"Si ndiyo ushahidi kwamba ni bibi yetu?" Mjomba akajibu.

Profesa alifika Jumatatu. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mrefu mwenye sauti nzito, kumbe ni mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea na mkoba uliochoka, anayeongea polepole kiasi kwamba unajikuta umeinama. Sanamu ilikuwa imeshaletwa ukumbini, mwili umesimama, na kichwa kimewekwa mezani pembeni kikiwa kimefunikwa kitambaa, kikisubiri hukumu. Mjomba alisimama karibu nacho kama baba nje ya wodi ya wazazi.

Profesa akaizunguka sanamu mara tatu. Akauliza uzito tulioukisia. Nikamwambia thelathini na mbili. Akatoa kalamu, akaniomba nimsomee vipimo vya sanamu, paja kama gogo, kiwiliwili kama pipa, mkono kama bomba, akawa anazidisha pembeni mwa karatasi. Akanieleza, kana kwamba ni jambo la kila mtu, kwamba mwili wa mtu hauna tofauti kubwa na maji, lita moja ni karibu kilo moja. Ukijua mwili unachukua nafasi gani, unajua uzito wake. Akapiga mstari chini ya jibu.

"Huyu ana kilo arobaini na mbili," akasema. "Hizi kumi ni za nani?"

Daktari akaanza habari za majani. Akaeleza matumbo, urefu wake na kazi zake, kwa ufasaha kabisa. Profesa akamsikiliza hadi mwisho.

"Majani nayo yana uzito," akasema.

Ukweli ni kwamba mizani haikuwa na kosa, magoti hayakuwa na kosa, na hesabu nilizifanya mimi, kwa hiyo nikaanza kuzirudia kwa vidole. Profesa akauliza tepu ilishikwa na nani. Nikamwita Mama, aliyekuwa kantini akinywa chai. Akaja na tepu shingoni, maana hata kanisani huenda nayo. Profesa akamwomba kwa heshima ampime na yeye, hivi hivi anavyopima wengine. Mama akazungusha, akabana, akaachia.

"Kiuno, inchi thelathini na tano," akanisomea.

"Fundi," Profesa akasema, "sketi hii nimeinunua wiki iliyopita. Kiuno changu ni thelathini na mbili."

"Ndiyo, thelathini na mbili," Mama akakubali bila wasiwasi wowote. "Hizo tatu nimekuachia nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kukua."

Profesa akaishika sketi yake kiunoni.

"Nina miaka hamsini na minane," Profesa akasema.

"Hata wazazi wananiambia hivyohivyo, mtoto huyu hakui tena, usimwachie. Muhula wa pili wanarudi kuniomba nifumue mshono." Mama akakunja tepu yake taratibu. "Na si lazima mtu akue kwenda juu, dada."

Daktari akakaa juu ya kasha la mbavu, kitu ambacho ametukataza wote tangu nimeajiriwa. Akauliza kwa sauti ndogo kama ni wote hamsini na wanne. Mama akashangaa kuulizwa. Akasema hajawahi kuandika kipimo cha mtu kavukavu tangu ajifunze kazi, kwa sababu nguo inayomkaa mtu leo ni nguo ya leo tu, na yeye hashonei watu siku moja. Kama tulitaka vipimo vya watu wasiokwenda popote, tungesema.

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa amekiwekea mkono kile kichwa juu ya kitambaa, kama anakizuia kisisikie.

Profesa, namshukuru, hakucheka. Akasema jambo lililompa Daktari nguvu ya kusimama tena: kama kosa ni lilelile kila mara, si kosa kubwa, unalitoa tu. Mtu anayekosea kwa inchi tatu kila siku, miaka thelathini, ni hazina kuliko anayepatia leo na kukosea kesho. Daktari akaruka. Inchi tatu kwa kila mmoja, akasema, dakika tano tumemaliza.

Mama akakasirika. Mimi namjua akikasirika, anakuwa mpole.

"Kwa hiyo mimi nashona nimefumba macho?" akauliza. "Kila mtu namwachia kadiri ninavyomwona."

Ndiyo maana mchana wa Jumatatu ile ulikuwa mchana mgumu kuliko yote katika historia ya makumbusho yetu. Tuliketi ukumbini, mimi na daftari, Mama kwenye kiti, Profesa na Daktari pembeni, na mmoja baada ya mwingine nikamsomea watu hamsini na wanne, naye akataja alimwachia kila mmoja kiasi gani. Hakusitasita hata kidogo. Fundi anaweza kusahau jina lako na la mtoto wako, lakini mwili wako hausahau. Tatizo ni kwamba kila inchi ilikuja na maelezo yake, na mlango ulikuwa wazi, na nje ya mlango watu walikuwa wameacha kazi zao zote.

Mpishi wa kantini, inchi tano, kwa sababu ya kuonja. Mama wa masjala, mbili kwa sasa: anajinyima apendeze kwenye harusi ya mwanawe, harusi ikipita atarudi alikotoka. Mlinzi wa geti hakuachiwa kitu. Mama alisema yule alishamaliza. Mlinzi akauliza kutoka mlangoni amemaliza nini, na hakuna aliyejitolea kumjibu. Tulipofika kwa Mkuu, Mama akatazama mlango, akateremsha sauti, akasema niandike sita halafu nifute.

Nikajisoma mwenyewe. Nusu inchi. Nikauliza kwa nini mwanawe wa kumzaa anaachiwa nusu wakati mpishi ana tano.

"Wewe nakupikia mwenyewe," akasema. "Najua kinachoingia."

Halafu nikamsoma Daktari. Mama akaanza kukunja tepu ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Akasema nne. Daktari akastaajabu, akasema yeye tangu chuoni hajaongezeka hata kidogo, mkanda wake ni uleule na tundu ni lilelile.

"Mtu anayekula mkate mkavu mbele ya marehemu hawezi kubaki hivyo maisha yake yote," Mama akasema, akiwa anaongea na tepu. "Iko siku atapata mtu wa kumpikia."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Profesa akapata kitu cha kusoma darini. Mama yangu ni mjane wa mwaka wa tisa sasa, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akikosa pa kuweka macho. Mjomba ndiye aliyetuokoa. Akasema, "Dada, endelea, bado watu kumi na watano."

Tulipomaliza nikatoa kila mtu nafasi yake, nikachora mstari upya. Nyonga za Bibi zikateremka inchi nne, kiuno inchi tatu, mapaja na mikono vikafuata. Profesa akapiga hesabu yake ya lita. Ikaja thelathini na mbili na nusu. Kwenye karatasi, Bibi Mhenga alikuwa mtu wa kuaminika.

Ukumbini bado alikuwa amesimama na kilo zake kumi za watu. Profesa akamgeukia Mjomba. Akamwambia kwamba ukumbi unafunguliwa Alhamisi asubuhi na yeye anasafiri Jumatano mchana. Akirudi Jumatano saa nne akaukuta mwili unalingana na mstari mpya, kichwa kiwekwe. Asipoukuta hivyo, maelezo ya ukutani yataandikwa kuanzia mabegani kushuka. Hakumwambia kwa ubaya. Mjomba akaitikia kwa kichwa, chake mwenyewe, kile kimoja tulichokuwa na hakika nacho.

Jumanne asubuhi mapema tulikuwa karakanani. Plasta iliyokauka wiki tatu ni kama jiwe. Mjomba alikuwa amekaa mbele ya Bibi na msumeno magotini, hajaanza. Mama akaingia na kikapu cha chai, akakiweka chini, akasimama. Kuomba radhi si fani yake.

"Nilikuongezea, mdogo wangu," akasema. "Sikukupunguzia."

"Ungenipunguzia, Dada, ningebandika plasta saa moja tu tukaenda kulala. Aliyeongezewa ndiye anayetaka msumeno."

Mama akachomoa chaki yake ya kushonea, akamsogelea Bibi, na akaanza kumchora. Alichora mistari miwili ubavuni, mmoja kila upande, na miwili mgongoni juu ya makalio, myembamba juu, minene katikati, ikiisha kwa ncha, kama anavyochora gauni lililompwaya mteja. Akamwambia Mjomba asiguse tumbo mbele, kwa sababu mtu akipunguzwa mbele anaonekana mgonjwa. Aondoe ubavuni na nyuma, halafu abane. Mjomba alifuata chaki. Sijawahi kuona mtu akipungua uzito kwa msumeno. Walimpasua, wakatoa vipande kama vya tikiti, wakambana kwa kamba, wakaziba kwa plasta mpya, Mama akiwa anapita na tepu, mara hii akisoma namba kavukavu, kwa uchungu, kama anayesoma tangazo la msiba. Kila aliposoma nilisikia anavyojizuia.

Kufikia saa tisa mchana mwili ulikuwa tayari. Ulikuwa mdogo, mpana chini bado, lakini wa mtu anayeweza kukimbia. Mjomba akainua kile kichwa alichokifungia mlango, akakiweka juu ya shingo.

Kilikuwa kama chungu juu ya kikombe. Masikio yalifika karibu na mabega.

Nikamshauri, kwa nia njema, aache. Mwili utapita kesho, nikamwambia, kichwa kitafuata baadaye, hata mwezi ujao, ruhusa ikishatoka imetoka. Mjomba akakiteremsha kile kichwa na kukiweka rafuni katikati ya mabega yasiyo na shingo.

"Baadaye," akasema. "Mjomba, elfu mbili wote nimewaacha wakisubiri baadaye."

Akaanza upya. Daktari alikuja na nakala ya taya iliyomiminwa kwa plasta, yenye meno yake mawili, akaishikilia mbele ya Mjomba muda wote kama anayeshika taa, bila kutafuna kitu. Mjomba alianzia taya, akapanda. Safari hii hapakuwa na muda wa kufunga mlango wala wa kutazama kioo. Alifuata mfupa pale ulipokuwepo, na ulipokwisha alifuata mkono. Paji likatoka fupi, nyusi zikatokeza, pua ikalala. Masikio yalikuwa madogo, hayakuwa ya ukoo wowote ninaoujua. Macho aliyaacha mwisho. Aliyachonga yakiangalia pembeni kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa na shughuli nyingine. Jua lilipokuwa linazama alirudi nyuma hatua mbili, akanawa mikono, akasema tumwache akauke.

Jumatano saa nne Profesa alipima mwili kwa tepu yake mwenyewe. Alipima polepole na kurudia kila kipimo, na Mama, aliyekuja makusudi, alitazama ukuta ili asione. Akazidisha, akajumlisha. Thelathini na tatu kasoro kidogo. Akakunja karatasi. Kisha akakitazama kichwa, muda mrefu kuliko alivyotazama nyonga.

"Hiki ni kukisia," akamwambia Mjomba.

"Ndiyo."

"Basi iandikwe hivyo." Akasaini, akabeba mkoba wake uliochoka, akaondoka.

Alhamisi Mjomba alikataa kuketi na wageni. Alijificha nyuma ya ubao wa maelezo, mgongoni kwa Bibi, eti anaangalia kama skrubu zimekaza. Mimi nilikuwa upande wa mbele na Daktari. Darasa la kwanza kuingia lilikuwa la watoto wadogo, arobaini hivi, na kama ilivyo kawaida walianza kucheka kwa sababu Bibi hana nguo. Mwalimu wao akawanyamazisha, akasoma ubao: kilo thelathini na mbili, mita moja na sentimita nane. Wakajipima naye. Wengi walimzidi, wakafurahi sana.

Msichana mmoja alisukumwa mbele na wenzake hadi akajikuta uso kwa uso na Bibi, macho yamelingana. Akaacha kucheka. Akasogea kidogo upande ule macho ya Bibi yalikokuwa yanatazama, ili aonekane vizuri.

"Shikamoo," akasema.

Wenzake wakamtazama, wakaitazama sanamu, kisha darasa zima likaitika kwa sauti moja ile ya kila asubuhi. Ukumbi ukajaa shikamoo. Na kutoka nyuma ya ubao, mtu mzima akashindwa kujizuia.

"Marahaba, wajukuu."

Nusu ya darasa ilifika getini kabla ya mwalimu. Yule msichana hakukimbia. Alimvuta Daktari koti, akamuuliza kwa nini bibi ana sauti ya kiume.

Daktari akachutama wakawa sawa kimo, akawaza sana, kama kawaida yake. Akamjibu kwamba kuhusu sauti, kwa kweli, bado hatujapata mfupa.